Apatimenti ya Kifahari, Kaloleni

Apatimenti yenye dirisha linaloangalia Mlima Meru ina kodi kubwa kuliko ya jirani inayoangalia barabara, hata kama vyumba ni vilevile, tailizi ni zilezile na makabati ya jikoni yametoka kwa fundi mmoja. Madalali wa Arusha wanaujua mlima huo kuliko wanavyojua idadi ya vyoo. Ukiingia tu, kabla hujaonyeshwa jiko wala masta, pazia linafunguliwa: "Dada, hebu angalia hapo." Mimi nilionyeshwa mwezi wa saba, kwa hiyo nilichoangalia kilikuwa wingu. Kijana hakubabaika. "Upo nyuma ya hayo mawingu, dada. Kodi yake unaanza kulipa sasa, wenyewe utauona mwezi wa tisa."

Nikacheka, nikalipa. Na leo nikiulizwa nasema ile nyongeza ni halali, ila sababu yake si uzuri wa mlima. Arusha iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, upande uleule wa Meru, na ndiyo miezi ambayo mji huu ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari unatufanya tuvae makoti mpaka sebuleni. Wingu likiachia mchana, jua linaingia kwangu. Jirani yangu wa upande wa kusini analipata Desemba, wakati halihitaji. Ukuta wa chumba chake cha kulala umeota ukungu mweusi kuanzia kwenye kona hadi nyuma ya kabati, ameshaupaka rangi na umerudi. Wangu mkavu. Hakuna dalali anayemweleza mteja habari za jua, wote wanauza picha ya mlima.

Jengo letu lipo Kaloleni, si mbali na Makumbusho ya Azimio la Arusha na Mnara wa Uhuru. Kwa wasioijua Arusha: hapa siyo Njiro wala Sakina, siyo upande wa majumba yenye bustani na mbwa wawili. Kaloleni na Levolosi ni Arusha ya zamani ya watu wa kazi. Ni nyumba za Kiswahili zenye korido katikati na vyumba huku na huku, ua nyuma, bomba moja, choo cha pamoja kwenye pembe, na mwembeni au mparachichini watu wanaanika nguo. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid uko karibu, soko la Kilombero unakwenda kwa mguu. Zamani mtu akikuambia amehamia Kaloleni ulimwuliza kwa upole kama kazini kuna usalama. Leo bango la jengo letu linasema "Makazi ya kisasa katikati ya jiji", na chini yake pameandikwa namba ya simu tu, bei hakuna.

Kilichobadilisha mambo si siri. Arusha ilitangazwa rasmi kuwa jiji mwaka 2012, na mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ukaleta lami na taa kwenye barabara ambazo kila masika zilikuwa za kuvulia viatu. Lami ikifika, kiwanja kinapanda bei kabla hata mitaro haijafukiwa. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, nalo likajenga apatimenti Levolosi, watu binafsi wakaona kumbe inawezekana. Na wapangaji walikuwepo tayari. Mji huu una Jumuiya ya Afrika Mashariki, una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, una makampuni ya utalii yasiyohesabika, mojawapo ndilo linalonilipa mshahara. Mahakama ya Rwanda, ile iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 ikafunga mwisho wa 2015, ilikaa AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha hapa Arusha, miaka yote hiyo, na wafanyakazi wake ndio waliowafundisha wenye nyumba wa Arusha kutaja kodi kwa dola.

Mafunzo hayo yalichukua muda mrefu kufutika. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa dola, japo mimi nalipwa shilingi, mwenye nyumba ni Mtanzania na mchanga wa kujengea haukutoka Texas. Machi 2025 zikaja kanuni za kuzuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba wetu akatutumia mkataba mpya wa shilingi haraka sana, nikamsifu kwa utii wake, mpaka nilipopiga hesabu nikakuta amebadilisha kwa kiwango cha dola ilipokuwa juu kabisa. Dola ikashuka baada ya hapo, kodi ikabaki palepale ikipunga upepo.

Nikipita mbele ya makumbusho nikitoka kazini huwa nafikiria mambo ya ajabu kidogo. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Watu wanakumbuka mabenki na mashamba kutaifishwa. Mimi nakumbuka masharti ya uongozi: kiongozi wa chama au wa Serikali asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Nyumba ya kupangisha iliwekwa kapu moja na hisa za makampuni! Miaka minne baadaye, 1971, ikaja sheria ya kutwaa majengo: jengo lenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 ambalo mwenyewe halitumii lote kwa makazi yake likachukuliwa na Serikali, likawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na NHC. Mwaka 1991, kwa uamuzi wa CCM uliofanyika Zanzibar, masharti ya uongozi yakalegezwa. Na sasa, hatua chache kutoka jengo la Azimio, kiwanja kimoja kinazaa apatimenti kumi na kitu, na mchana wa Jumamosi unaweza kuona magari ya vioo vyeusi yakija kukagua maendeleo ya tofali.

Sitaki kulililia hilo. Nimekulia kwenye nyumba ya Serikali iliyokuwa ikivuja miaka mitano mfululizo ikisubiri fundi wa ofisi, kwa hiyo sina hamu kubwa ya kurudi huko. Na kuhusu ghorofa zenyewe mimi nipo upande wa ghorofa. Arusha ikiendelea kutambaa kwa nyumba za chini itamaliza migomba na kahawa yote ya Moshono na Olasiti, halafu tutakuwa tunanunua ndizi kutoka Mbeya. Kupanda juu katikati ya mji ni akili. Ninachogombana nacho ni kingine, nakuja.

Kwanza tuseme ufahari wenyewe ni nini, maana neno hilo linatumika sana kwenye matangazo. Ondoa mlima. Ondoa makochi ambayo ni yangu. Jimu yetu ina mashine moja ya kukimbilia, ambayo mkanda wake unateleza, na vyuma viwili ambavyo watoto wa ghorofa ya pili wanavitumia kushikilia mlango. Kinachobaki ni jenereta, kisima, matanki, lifti, walinzi na fensi ya umeme. Yaani mwenye nyumba anatuuzia umeme, maji na usalama, vitu ambavyo mji ulipaswa kuwa navyo kwa kila mtu. Tunalipa kodi, halafu tunalipa gharama za huduma pembeni, ili matatizo ya Arusha yaishie getini.

Umeme ukikatika usiku, kunakuwa na ukimya wa sekunde kadhaa ambao mtu wa jengo hili anaujua. Friji inanyamaza, waifai inazima, mtu kwenye lifti anagonga mara moja kwa adabu. Kisha chini kule jenereta linakohoa, linakohoa tena, linashika, na taa zinarudi na ule mwanga wa kutetemeka kidogo. Kutoka dirisha la jikoni unaona mtaa mzima ni giza, vijiwe vimewasha tochi za simu, na sisi tumesimama katikati tunang'aa. Mara ya kwanza niliona raha, sikatai. Moshi wa dizeli lakini haupandi kwetu, unalala chini, unaingia kwenye ua wa nyumba ya nyuma.

Wakati wa mgao wa mwisho wa 2023 hadi mwanzo wa 2024 gharama za huduma zilipandishwa kwa sababu ya dizeli. Haki kabisa, dizeli ni pesa. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukawashwa, bwawa ambalo limejengwa kutoa megawati 2,115, na mgao ukaisha. Kukatika bado kunakuwepo, hasa mvua zikipiga nguzo, lakini jenereta letu sasa linanguruma mara chache sana. Gharama za huduma hazikushuka hata shilingi. Nilimwuliza msimamizi, kaka mstaarabu ambaye hajawahi kunijibu swali lolote la fedha, akasema, "Dada yangu, jenereta hata likikaa linahitaji matunzo."

Hapa ndipo mwenye kupanga na mwenye kununua wanapotofautiana. Tangu 2008 tuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo: unanunua apatimenti moja, unapewa hati ya hiyo apatimenti yako, na wamiliki wote wanakuwa na umoja wao unaosimamia ngazi, lifti, paa na jenereta. Mnakaa kikao, mnaona vitabu. Kwa jengo lenye mwenyewe mmoja, kama letu, vitabu ni vyake na kikao ni kikundi cha WhatsApp ambako ujumbe unaosomwa sana ni ule wa "nani ameegesha nyuma yangu". Kama una mtaji wa kununua badala ya kupanga, nenda kwenye jengo ambalo hati za sehemu zimeshatolewa, siyo "zinashughulikiwa". Na uliza kiwanja chenyewe kilipewa miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebaki mingapi, maana hati yako inakaa juu ya ile.

Kodi ya jengo nayo ina vituko vyake. Inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na ilipopandishwa 2023 ikawa Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Sh 7,500 kwa sakafu ya ghorofa au apatimenti yenye mita yake. Ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mimi. Ukinunua tokeni tarehe za mwanzo wa mwezi unashangaa uniti zimepungua, ndiyo hiyo. Kwenye mkataba wangu nimeandikisha kwamba ipunguzwe kwenye kodi ya pango, na ninamtumia risiti kila miezi sita. Wenzangu wengi wanaona aibu kudai elfu saba na mia tano kwa mtu mwenye ghorofa. Mimi aibu hiyo sina.

Maji ndiyo yaliyonifungua macho. Kwenye ziara ya dalali, kisima kilitajwa kwa sauti ya kiongozi wa kwaya: "Maji masaa ishirini na nne, dada, kisima chetu wenyewe." Mtu aliyekulia Arusha au Meru angepaswa kushtuka hapohapo. Miamba ya volkano kuzunguka mlima huu ina madini ya floraidi kwa wingi, na maji ya ardhini yakipita humo yanayabeba. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huu vinavuka hapo. Ndiyo maana ukiwa Dar es Salaam ukicheka, mtu anakwambia, "Wewe ni wa kaskazini." Meno yanaingia rangi ya kahawia utotoni, yakiwa bado yanajijenga, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi yanayoharibika siyo meno tu, ni mifupa. Kule Ngurdoto Serikali ina kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, madini yanabaki sufuriani, kwa hiyo ukichemsha sana unayazidisha.

Nilipeleka chupa ya maji ya bomba la jikoni kupimwa. Majibu yakarudi juu ya ukomo, siyo kwa kuchungulia, kwa kupita kabisa. Wakati huohuo mamlaka ya maji ya jiji ilikuwa imepewa mradi mkubwa wa Sh bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, wa kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku na kuleta maji yenye floraidi ndogo kutoka vyanzo vipya. Bomba la mamlaka linapita mtaani kwetu. Nyumba za Kiswahili zimeunganishwa. Sisi wenye lifti tunapikia ya kisima, kwa sababu kisima kilishachimbwa na pesa yake inatakiwa irudi. Tangu majibu yale maji yangu ya kunywa na ya chai nachota kwa bibi wa nyumba ya nyuma, kwa madumu.

Yeye aliona ni kichekesho cha mwaka. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Watu wa juu wameishiwa?" Anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa ua, kanga moja kiunoni nyingine mabegani, anachambua mchicha au anachambua habari, na bomba lake limefungwa kufuli ndogo ambayo funguo yake iko kwenye kamba shingoni. Ndoo ya lita ishirini ananitoza bei ileile anayowatoza wapangaji wake wa chumba kimoja kimoja. Nilipojaribu kuongeza alikasirika. Niliwahi kumwomba msamaha kwa ajili ya moshi wa jenereta, akanijibu kwamba moshi siyo tatizo sana, tatizo ni jua. Ghorofa letu linaukinga ua wake jua la jioni, nguo za wapangaji hazikauki mwezi wa saba, na wapangaji wakiona nguo hazikauki wanahama. Hilo halikuwahi kunipitia akilini, na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu jua la kaskazini.

Nyumba yake ni ya mirathi. Mzee alifariki zamani, msimamizi wa mirathi aliteuliwa na mahakama ya mwanzo, na watoto wako watano, kila mmoja ana bei yake ya kuuza. Mmoja yupo Mwanza anataka kuuza jana. Mmoja anasema wasiuze bali waingie ubia na mjenzi, wapewe apatimenti mbili za juu. Bibi mwenyewe anataka afie uani kwake, na analisema hilo kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari. Wanunuzi wanakuja kwa zamu, wengine wametumwa na majengo jirani, kwa sababu kiwanja kimoja cha nyumba ya Kiswahili ni kidogo kwa ghorofa. Ili hesabu ikubali unahitaji viwili au vitatu vilivyopakana. Ndiyo maana bei anayotajiwa mtu wa katikati huwa kubwa kuliko ya mtu wa pembeni, na ndiyo maana majirani waliokuwa wakizikana wanaanza kuchunguzana nani ameshasaini.

Uani kwake kuna vyumba sita vya kupanga. Anaishi humo kijana wa bodaboda, mama anayeuza supu ya kongoro asubuhi kwa mafundi wa ujenzi, fundi cherehani, na dada mmoja anayefanya usafi kwenye jengo letu, ghorofa zote. Siku nyumba hiyo ikiuzwa hao wote watahama, na hawatahamia Levolosi, huko nako ni yaleyale. Wataenda Muriet au Olmoti, kule kunakojengwa uwanja wa AFCON 2027, ambako vyumba navyo vimeanza kuchangamka bei. Yule dada wa usafi atakuwa anapanda daladala alfajiri kuja kufuta tailizi za mtaa aliokuwa akiishi.

Hapa ndipo ninapogombana na majengo haya, lile nililosema nakuja nalo. Tembea upande wa Soko Kuu uangalie majengo ya zamani ya Wahindi. Duka chini, familia juu, roshani inaangalia barabara, mtu wa ghorofani akitaka vitunguu anashuka ngazi moja yupo dukani. Waliojenga hawakuwa watakatifu, walikuwa wafanyabiashara, na sakafu ya chini waliijua kuwa ndiyo yenye pesa. Sasa angalia letu. Sakafu ya chini ni maegesho. Mbele ya maegesho kuna ukuta wa mita tatu, juu yake nyaya za umeme, na kwa urefu wote wa kiwanja mtaani hakuna mlango mwingine zaidi ya geti la magari. Pale paliposimama ukuta palikuwa na genge, kinyozi na duka la Mangi. Genge limehamia kwenye uchochoro wa nyuma, kinyozi hayupo. Usiku upande ule umekuwa mweusi na mtupu, wanawake wanauzunguka, na msimamizi anatuambia kwenye kikundi kwamba mtaa umeanza kuwa na vibaka, hivyo tuongeze mlinzi. Vibaka tumewatengenezea sisi, kwa kuondoa watu waliokuwa wamekaa pale wakiona kila anayepita.

Mtu anayepanga humu anadhani analipia kuwa katikati ya mji. Lakini katikati ya mji kwa maana ipi? Mimi raha yangu ya Kaloleni ni kwamba zipu ikikatika saa moja jioni nashonewa saa mbili. Parachichi naletewa na mtu anayejua napenda lile la Kimeru lenye shingo ndefu, lisiloiva leo bali kesho kutwa. Ijumaa nasikia adhana, Jumapili nasikia kwaya na spika zao zilizochoka, naenda kazini kwa mguu huku wenzangu wa Njiro wamekwama kwenye foleni ya Kijenge. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo kwenye mkataba wangu wa kupanga, na vyote vinatoka nje ya ukuta. Baadhi ya apatimenti za jengo letu sasa zinapangishwa kwa watalii kwa usiku mmoja mmoja, na wao wanafika usiku, masanduku yanagongagonga ngazini, alfajiri gari la safari linawapitia. Kwao ukuta hauna shida. Kama jengo zima litakuwa la hivyo, basi kweli liwe hoteli, lilipe leseni ya hoteli, tuache kuliita makazi.

Mwaka huu nimeanzisha ugomvi mdogo ambao natumaini nitaushinda. Nimeomba ukuta wa nyuma utobolewe geti dogo la watembea kwa miguu, lenye kufuli ya kadi kama ya lifti, litokee kwenye uchochoro wa genge. Leo kutoka mlangoni kwangu hadi genge lililo mita chache nyuma ya jengo nazunguka barabara mbili, nikiwa na dumu la maji narudi nimepinda mgongo. Mwenye nyumba kasema ni hatari kiusalama. Nikamwambia mlinzi wa usiku anaweza kukaa pale badala ya kulala kwenye kibanda cha mbele. Kasema geti litaharibu mpangilio wa maegesho. Nimepima: nafasi moja ya gari, na hiyo nafasi imejaa mifuko ya simenti tangu nimehamia.

Nimezunguka mlango kwa mlango na karatasi. Mama wa ghorofa ya nne amesaini kabla sijamaliza kueleza, kumbe naye anachota kwa bibi, anatuma mtoto usiku ili asionekane. Baba wa kusini mwenye ukungu ameweka sharti: atasaini nikisaini yake ya kupakwa ukuta upya, nimesaini. Kijana anayepangishia watalii amesema wageni wake hawali vya gengeni. Nikampelekea papai moja la hapo nyuma, hajajibu bado, ila papai kala.

Waliosaini sasa ni zaidi ya nusu ya jengo. Nikaituma karatasi kwa mwenye nyumba, ikasomwa siku hiyohiyo, nikaona zile alama mbili za bluu. Jana ndiyo amejibu: tutalizungumza wapangaji wote wakishalipa kodi ya miezi sita ijayo.